Silinda ya Kati Haijafa

Kijiji cha Minose,
Mkoa wa Ehime,
Japani.
9 Desemba, 2015.

Mpendwa wifi yangu Fusae,

Hujambo huko São Paulo? Ule mguu uliokuwa ukivimba umepungua? Na mzee wako Katsuzo, bado anaficha dawa chini ya mto? Huku tunasukuma siku, hatulali njaa wala kitandani hatujaanguka. Baridi imeingia, machenza yameiva mlima mzima, na mikono yangu inanuka maganda hata nikitoka kuoga.

Kaka yako Yasunori anakusalimu. Kama nilivyokueleza kwenye simu, tangu kiharusi cha mwezi wa Mei mkono na mguu wa kulia havimtii, na maneno yote yamempotea isipokuwa moja: "Bado." Umeshiba? Bado. Unaumwa? Bado. Ukimsikia utacheka, halafu utalia. Mimi nilishayamaliza yote mawili.

Sasa sikiliza yaliyotupata.

Mwanetu Teruhiko ametutafutia chumba katika nyumba ya wazee huko mjini Matsuyama. Si mtoto mbaya, wifi. Ana hofu tu, na hofu yake ina haraka. Hoja yake ilikuwa gari. Bila gari machenza hayashuki mlimani, na bila machenza hatuna tena la kutuweka hapa kisiwani. Na kweli kile kigari chetu cheupe cha mizigo kilikuwa kimeanza kumisi, injini inaruka mapigo. Ukikikanyagia mafuta kinakwenda vizuri, ila ukisimama tu kinatetemeka kama mwenye homa, kisha kinazimika. Ukaguzi wa serikali ulikuwa unakwisha mwisho wa Novemba, na gari linalotetemeka hivyo halipiti.

Nikakipeleka kwa fundi wa bandarini. Akabadilisha plagi zote tatu, akasikiliza, akafuta mikono. "Mama, silinda moja imekufa. Waachie wanunua vyuma, msijisumbue." Na kabla hajaniambia mimi alikuwa ameshampigia Teruhiko. Hilo ndilo lililonichoma. Ninayeendesha ni mimi, lakini taarifa ya msiba inapelekwa kwa mtoto.

Jioni Teruhiko akapiga simu. "Mama, sasa basi. Jumapili ya wiki ijayo nakuja na fomu."

"Njoo," nikamwambia. "Uje na viatu vya shambani pia, kazi ipo."

Kesho yake asubuhi nilimsukuma Yasunori kwa kiti chake cha magurudumu hadi bandani kwenye gari. Miaka arobaini na minne ya ndoa, kazi yangu mle ndani ilikuwa kushika taa yeye akitengeneza. Shika taa, usitingishe. Siku hiyo nikanyanyua kiti cha dereva, maana injini iko chini yake, nikawasha. Kaka yako akafumba macho akisikiliza, kisha akaanza kunyoosha kidole. Nikagusa hapa: "Bado." Nikagusa pale: "Bado." Nusu saa nzima. Mwishowe nikapandwa na hasira.

"Kama unajua, si useme!"

Wifi, neno hilo nililisema kwa mdomo wangu. Hakukasirika. Alinitazama tu, na ningependa kama angenitukana. Halafu akanishika kiwiko kwa mkono wake mzima, akanivuta, akaupeleka mkono wangu kwenye waya wa plagi ya kwanza, akaonyesha ishara ya kuchomoa. Nikaenda kuvaa glavu za mpira za kuoshea vyombo.

Nilipochomoa waya wa kwanza, injini ilitaka kuzima. Nikaurudisha. Wa tatu, vilevile. Nilipochomoa wa kati hakuna kilichobadilika, mtetemo ni uleule. Basi mgonjwa ni silinda ya kati. Nikahamisha plagi ya mwisho nikaiweka kati, na ya kati mwisho. Mgonjwa akabaki palepale. Nikaona fundi amesema kweli.

"Bado," akasema Yasunori.

Akajivuta mbele hadi nikaogopa ataanguka, akavuta kwa kidole ule waya wa akselereta, wa kuongeza mafuta. Injini ikachanganya, mtetemo ukaisha, silinda zote tatu zikaimba. Akaachia, homa ikarudi. Akavuta tena, akaachia tena, huku amenikazia macho kama mwalimu mbele ya mtoto mzito wa kuelewa. Ndipo nikaelewa. Maiti haifufuki kwa kukanyagiwa mafuta. Silinda ilikuwa hai, ila ikienda taratibu kuna kitu kinaikaba. Kaka yako akapuliza kwa mdomo wake uliopinda, fyuu. Hewa. Pana mahali panapoingia hewa ya wizi, ikiyazidi mafuta.

Nikaleta chupa ya kupulizia maua yangu. Nikapuliza maji polepole kwenye mabomba yanayoingiza hewa na mafuta ndani ya injini. Bomba la kwanza, kimya. Nilipofika chini ya bomba la kati, mtetemo ukakatika kwa muda wa pumzi mbili, kisha ukarudi. Maji yalikuwa yameziba tundu. Nikapapasa, nikakuta kifuniko cha mpira kidogo kuliko punje ya kunde, kimechanika. Nikaziba kwa kidole. Injini ikatulia, ikazunguka kama cherehani. Nilibaki nimepiga magoti, kidole hakitoki, na kaka yako anacheka kwa nusu ya uso iliyobaki kwake.

Kwa ajili ya kile kipande walitaka kutung'oa nyumbani kwetu.

Nilikwenda bandarini kutafuta kifuniko kipya. Fundi alinipa bila kuniangalia. Nikamwambia, "Siku nyingine habari za gari langu niletee mimi." Akainama kuomba radhi. Ijumaa gari likapita ukaguzi, likapewa miaka miwili.

Jumapili Teruhiko aliposhuka kwenye feri alitukuta tunamsubiri, injini inawaka, baba yake amekaa kiti cha mbele. Mbele hakuna nafasi ya watatu, akapanda nyuma na kreti. Hakuzitoa fomu. Alichuma machenza nasi mpaka feri ya jioni, na wakati wa kuaga akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, na mkishindwa?"

Nikamwambia ukweli. Sijawa mjinga, ipo siku tutakihitaji kile chumba. Lakini siku hiyo tutaitaja sisi wenyewe, mimi na baba yake. Haitatajwa bandarini.

Msalimie sana Katsuzo, na mwanao Noriko na watoto wake. Wazee wetu waliolala mlimani hapa wakulinde mguu na moyo. Na ukija mwakani usimtafute mtu wa kukupokea. Nitakuja kukuchukua mwenyewe.

Mimi wifi yako nikupendaye daima,
Tsuyako