Amplifaya Iliyomkataa Karisa

Mjukuu wangu Kazungu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Sisi huku Muyeye tu wazima. Nyanya yako anakohoa kidogo, lakini kunisema hajaacha.

Unaniuliza kama utie kufuli chumbani, maana amplifaya yako huzimika kila mwenzako unayekaa naye akiwepo. Mambo hayo nayajua. Miaka ya themanini, sebule yenye muziki mtaani petu ilikuwa yangu, usibishe. Lakini kila Karisa, kaka wa nyanya yako, akija kusikiliza, muziki unakatika. Akienda zake, unarudi. Nikasema huyu ana kijicho. Nikawa namsalimia mlangoni, kiti simpi.

Nyanya yako akachoka kuona ndugu yake anasimamishwa nje. "Ukiwa peke yako unapiga spika mbili," akaniambia. "Akija Karisa unaunganisha nne, umringie. Hebu ishike hiyo amplifaya."

Nikafunua kitambaa cha kufuma alichoitandikia, nikaishika. Moto kama kikaango. Mashine ya kubeba spika mbili nimeibebesha nne, tena imevishwa nguo; ikizidi joto ikawa inajizima. Kitambaa kilikuwa chake, hilo halitaji mpaka leo.

"Haya, ndugu yangu ni mchawi?"

"Bado namchunguza," nikamjibu. Ila jioni ile Karisa alipewa kiti, tukasikiliza spika mbili mpaka akasinzia.

Basi kabla ya kufuli, amplifaya yako ikizimika iguse kwanza. Ukiikuta baridi, hapo nitakusaidia kumshuku.

Babu yako, mwenye sebule