Sauti Iliyomwita Rama Msituni

Mtongwe, 17 Agosti 1961

Kwa shemeji yangu Mwidani,

Salamu zikufikie huko Kwale. Dada yako Mwanatabu hajambo, na jiko nimeliezeka mwenyewe kwa mabati kumi na manne.

Ulimchukua mwanangu Rama Jumatatu ya mwisho ya Julai mkaenda kuwinda msitu wa Shimba, ukasema mjomba ndiye amfanyaye mpwa mwanamume. Alhamisi akarudi. Mimi nahesabu siku nne. Yeye aapa wallahi mlitembea siku kumi na moja, mkavuka mto unaopanda mlima, na chui akamwita kwa sauti yangu. Ningecheka, lakini ndevu zake zimerudi na mvi tatu.

Kila mtu ajua kuwa ukiitwa jina msituni huitiki. Lakini asema wewe ulimwongezea, "Sauti hiyo usiiitike tena popote." Wiki mbili sasa namwita hapa nyumbani, naye kimya. Jana mamake alimwambia, "Rama, babako akuita!" Akajibu, "Nasikia, mama, lakini huyo siye baba, ni yule chui."

Miaka kumi na tisa nimemlea, Mwidani. Na siku ya harusi yangu, ni nani aliyewavunja watu mbavu kwa kuiga sauti yangu?

Njoo Ijumaa baada ya sala. Ukae mbele yake, uniige tena, auone mdomo wako ukifunguka. Usipokuja, nitajua bado wafuata ile ada ya kale kwamba mtoto ni wa mjomba.

Usinijibu kwa karatasi.

Mimi shemeji yako, babake Rama,
Mbwana