Diski ya Zamani Imerudi Stoo

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Kosa la wengi wanaohamishia kompyuta kwenye diski mpya: wanaijaribu huku diski ya zamani ikiwa bado imo ndani. Mashine inawaka, wanadhani kazi imekwisha. Kumbe iliyoiwasha ni ile ya zamani. Ina kipande kidogo chenye maelekezo ya kuwasha, nacho hakikunakiliwa.

Miaka thelathini nimefundisha hesabu, nikisisitiza kuhakiki jibu. Ijumaa iliyopita nilifanya kosa hilohilo nilipohamishia kompyuta ya shule kule Kisesa kwenye diski mpya.

Sabina, mwalimu wa taaluma, amepiga simu leo saa mbili asubuhi. Shikamoo Mwalimu, kioo cheusi, inasema haioni cha kuwashia. Humo mna alama za kidato cha nne, watoto mia na kumi na wawili. Zinatakiwa Ijumaa hii. Karatasi zililowa mvua ya Machi, hakuna nakala.

Nikamwambia airudishe diski ya zamani. Akasema ameshaikabidhi stoo — kwao ukipewa kipya, kibovu lazima kirudi.

Jumanne, 2 Septemba

Nimekwenda na flashi. Nikatenga kipande kidogo kwenye diski mpya, nikaandika upya maelekezo ya kuwasha. Ikawaka. Sabina akacheka: alishaanza kuwaza kuhamishiwa Geita kama adhabu.

Akafungua alama. Mkondo A upo. B na C, tupu.

Hapo nikakumbuka. Wakati wa kunakili lilikuja onyo, diski ya zamani ina sehemu mbovu. Nikabonyeza "ruka". Mstaafu mimi, nilikuwa na haraka ya nini? Ikisomwa polepole, kwa kurudiarudia, huenda ikazitoa alama hizo.

Tukaenda stoo. Obedi, mtunza stoo, hakuinuka kitini. Mzee wangu, hapa vitu vinaingia kwa saini, vinatoka kwa nyundo. Kesho saa nne kamati inaponda vibovu vyote. Labda mlete barua ya mkuu wa shule. Mkuu yuko msibani Sengerema, simu haipatikani.

Jumatano, 3 Septemba, saa moja na nusu asubuhi

Mkuu bado hapatikani. Sabina ameandika: makamu naye anaweza kusaini, ila anaogopa kumwendea. Akimwuliza kwa nini diski inatakiwa, itabidi aseme alama hazipo. Ataonekana ni yeye aliyezipoteza.

Nimeanza kumweleza habari za sehemu mbovu, mistari kumi. Nimeifuta yote. Nimetuma hivi tu:

Nenda kwa makamu sasa hivi, mwambie aliyeharibu ni mimi, asaini barua kabla ya saa nne.