Kijikapu Nilichompitishia Koku

Nyakakika, Jumatano, Novemba 1953

Mvua haijakatika tangu alfajiri. Mtoto amenyonya hadi amesinzia, nami naandika kwa mkono mmoja. Nimechoka, ila uchovu wa leo si wa kulea.

Jumapili wanawake walikuja kunipongeza kwa kujifungua. Koku alikuwemo, binti wa jirani, aliyebakwa mwezi uliopita njiani kutoka kisimani. Nilikuwa nagawa kahawa ya kutafuna. Huku mgeni asiyepewa kahawa ni kama amefukuzwa. Nilipofika kwa Koku, nikapitisha kijikapu mbele ya uso wake, nikampa aliyefuata.

Koku alivuta shuka tu, akafunika miguu.

Kwetu Bukoba, kwa baba yangu karani, tulilelewa hivyo. Msichana wa heshima hapatwi na mambo hayo, na akipatwa, alijitakia. Mama alituambia hivyo akitusuka nywele. Sikuwahi kumuuliza alijuaje.

Mama mkwe wangu, asiyejua kusoma hata jina lake, ndiye aliyeinuka. Alininyang'anya kijikapu, akaketi na Koku kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, akampa kahawa kwa mikono miwili.

“Mke wa mwanangu,” akaniambia mbele ya wote, “huko shule walikufundisha kuhesabu watu kwa kuruka?”

Wakacheka. Koku hakucheka.

Wala hawajui lililo baya zaidi.

Siku Koku alipobakwa nilikuwa mlangoni, tumbo kubwa. Nilimwona Koku akitoka kwenye migomba, nguo imechanika, mtungi hana. Nyuma yake akatoka yule mnunuzi wa kahawa anayefanya biashara na mume wangu, akijipangusa matope magotini. Nikaingia ndani, nikafunga mlango.

Sasa mtu huyo anasema hakukanyaga huku siku hiyo. Kesho shauri linasikilizwa kwa mkungu, mkuu wa kijiji chetu, na Koku hana shahidi. Mume wangu anasema nina kichanga, nisijiingize.

Leo nilikwenda kwa kina Koku mvuani, kahawa nimeifunga kwenye jani la mgomba. Mama yake alipokea shikamoo yangu na kahawa. Koku hakutoka chumbani. Ningekuwa yeye, nisingetoka pia.

Nimemwambia mume wangu: kesho nambeba mtoto, naenda barazani. Nitasema niliyemwona.

Halafu nitasema, Koku akisikia, kwamba nilifunga mlango.