Gari Yako Inalalaga Wapi

Fundi Masatu,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda salamu ndefu, na kwa sababu tangu tukuzike kule Butiama sina wa kumwambia. Nikimwambia mkeo analia, kisha mimi ndiye nambembeleza.

Gereji bado ipo hapa Musoma, na benchi lako liko palepale. Wateja ndio wamepungua. Mtu anafika, anaona mwanamke ndani ya ovaroli, anauliza fundi yuko wapi. Namwambia amefariki. Anatoa pole, anaondoka na gari lake. Miaka tisa umenifundisha, na bado wananiona kama niliyekuja kukuletea chai. Nikaamua: Jumamosi nampelekea mama, mkeo, funguo, atafute mtu mwingine wa kuiendesha gereji.

Alhamisi akaja nesi mmoja wa Suguti na gari alilonunua mkononi mwa mtu. Injini ilitetemeka hadi kioo cha ndani kikawa kinacheza, na taa ya injini inawaka kwenye dashibodi. Nikachomeka kile kimashine cha kupimia, kile ulichosema kinamtaja mgonjwa bila kumuuliza habari za kwake. Kikasema silinda ya tatu haichomi. Nikabadilisha plagi, nikabadilisha na koili inayoipa moto, nikafuta kosa kwa kimashine hichohicho. Taa ikazimika. Nilijisifu, Fundi. Nilijisifu sana.

Ijumaa asubuhi huyo karudi, taa inawaka, mtetemo umezidi. Hakunigombeza. Alisema tu labda alipeleke Mwanza. Bora angenigombeza.

Nikakaa kwenye benchi lako. Sikuwa na wazo lolote, nilikuwa na uchovu tu. Ndipo likanijia lile swali lako lililokuwa linanichekesha, maana ulimuuliza kila mteja kabla ya kufungua boneti, kama vile unaulizia afya ya mkwe wake: "Gari yako inalalaga wapi?" Akisema karibu na ziwa, ulianza kutafuta kutu. Akisema chini ya miti, ulianza na majani. Mimi sikuwahi kuuliza. Nilidhani ni maongezi ya kizee. Nisamehe.

Nikamuuliza. Akanishangaa, akasema, "Si inalalaga pale ukutani kwa stoo ya mahindi?"

Panya, Fundi! Nikaufuata waya wa koili ya tatu kwa vidole, polepole, hadi nyuma ya injini ambako macho hayafiki. Umetafunwa. Zilibaki nyuzi mbili tu, zinagusana zikijisikia. Nikauunga, nikazungushia tepu, nikawasha. Injini ikatulia. Tukazunguka nalo hadi njia ya Bunda na kurudi, taa haikuwaka. Nesi akashuka, akanishika mkono wenye grisi hivyohivyo, akasema, "Asante sana, fundi."

Nikageuka nyuma kukutafuta.

Nililia mbele ya mteja. Ungenisema kwa hilo.

Jumamosi nilienda kwa mama. Nilikunywa uji wake, tukakuongelea, na funguo nimerudi nazo mfukoni. Uchovu bado upo, sikudanganyi.

Lala, Fundi wangu. Nakuahidi, hakuna boneti litakalofunguliwa hapa kabla sijauliza gari limelala wapi.

Ni mimi, Nyangeta. Fundi.