Pikipiki ya Maji Inazimia Katikati

Jumatatu, 11 Machi 2013

Imezima tena! Hapa ufukweni inanguruma vizuri. Ikivuka tu matete — kho, kho, kimya. Mume wangu Edson kabaki katikati ya ziwa amekaa juu yake kama kuku juu ya paa. Na mamba wapo. Ngassa, jirani yetu mfugaji, ndiye kamfuata na mtumbwi, akamvuta kwa kamba ya ng'ombe. Kafika anacheka: shemeji, huyu ndama wenu atarudishwa kwa kamba mpaka lini?

Sikucheka. Wifi yangu Loisi yuko kambi ya wavuvi, ng'ambo. Mimba imetimia. Uzazi wa kwanza alivuja damu nusura tumzike, nesi akasema wa pili lazima azalie zahanati. Zahanati iko huku kwetu. Barabara imekatika kwa mvua, na mtumbwi ni siku nzima, upepo ukikubali. Ndiyo maana Edson kaifufua hii pikipiki ya maji. Aliipata Tunduma kwa Mzambia aliyechoka nayo. Kuukuu! Kiti kimeshonwa kwa uzi wa viroba.

Mwanangu Atupele hajalala. Jino linaota. Na mimi sijalala.

Jumanne, 12 Machi

Edson anasema tatizo petroli. Hii ya kwenye chupa wanachanganya na mafuta ya taa. Kaichuja kwa kitenge changu — kile kizuri! Nikasema ungeniuliza kwanza. Akasema, kitenge na Loisi kipi? Loisi, ndiyo. Lakini kitenge ni changu.

Kachanganya upya na oili, maana injini yake inataka hivyo. Imewaka mara moja. Ikavuka matete. Kimya.

Jumatano, 13 Machi

Kabureta imefunguliwa juu ya jamvi langu. Mpira wa mafuta umeoza kwa ndani, umejaa kamasi ya kijani! Edson akaruka: nimempata mchawi! Kaweka mpira mpya wa bodaboda, kasugua kabureta, vitundu kavizibua kwa uzi wa waya wa breki.

Jioni kajaribu. Kafika mbali kuliko jana, halafu kho, kho. Upepo ukawa unamsukuma kwenye viboko. Nimepiga kelele mpaka sauti imekauka. Alipovutwa nikamwambia mbele ya Ngassa: hupandi tena mpaka ujue inazimia nini. Akaniangalia. Nikamwangalia. Ngassa akajifanya anakunja kamba.

Alhamisi, 14 Machi

Asubuhi nampa Atupele maziwa ya chupa, yangu hayamtoshi. Ananyonya, chuchu inabonyea, hayaji, analia kwa hasira. Kumbe nimekaza mno kifuniko. Nikalegeza — hewa ikaingia, mapovu, maziwa yakaja.

Nikabaki nimeishika chupa. Nikamwita Edson: hivi lile tenki linapata hewa wapi?

Akasema, mama Atu, sasa unataka kuinyonyesha?

Lakini akaenda. Akakawia. Akarudi na kipande cha kandambili mkononi. Tenki lina kimpira chake cha kupumulia, na yeye mwenyewe ndiye alikiziba, eti mawimbi yasiingize maji kwenye petroli! Akiijaribu ufukweni huacha kifuniko wazi, basi inanguruma. Akiingia ziwani anakaza kifuniko, tenki linakosa hewa, petroli inagoma kushuka.

Hakunitazama usoni. Nikampa chai. Kimpira kakipandisha mpaka kwenye usukani, mdomo kaugeuza chini, kaufunga kwa kamba.

Jioni kazunguka, kazunguka, haizimi! Watu wanashangilia. Mimi sishangilii. Siku zote hizi ubovu wake ndio ulikuwa unamzuia asifike mbali. Sasa nini kitamzuia? Na mimi ndiye niliyemfungulia.

Ijumaa, 15 Machi

Jairo, mume wa Loisi, kapiga simu. Uchungu umeanza. Edson hakunywa hata uji. Nikamwambia, ukikuta mawimbi makubwa usishindane nayo. Akasema ndiyo mama, kama mtoto wa shule. Kaondoka. Nimesikiliza mlio mpaka ukawa kama nzi, ukapotea. Haikuzima. Ameenda mbali tu. Nadhani.

Mchana. Upepo umeanza. Simu ya Jairo haipatikani. Atupele mgongoni, wa moto. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Alasiri. Inakuja! Naisikia nyuma ya matete, polepole, kama imebeba mayai. Siwaoni. Ngassa anasema mlio mzito, wako watatu hao, na Jairo yumo. Asante Mun—

Mlio umekatika.

Haikukohoa. Wiki nzima nimeisikia ikikosa petroli, hukohoa kwanza. Huu mlio umekatwa mara moja, kwa mkono. Edson kaizima mwenyewe. Zahanati iko hapa, kabakiza matete tu, anazima ya nini?

Najua ya nini. Nimezaa mimi.

Ngassa anashusha mtumbwi. Anasema mwanamke abaki. Nimemwambia sogea, nani kati yetu anajua kupokea mtoto? Kasogea. Mkewe Nyanzobe kamchukua Atupele, mwanangu analia ananinyooshea mikono. Nisimtazame. Kijana wa Nyanzobe kakimbilia kwa nesi.

Kanga mbili. Uzi. Wembe mpya.

Ngassa ananiita.