Mihogo ya Mpakani

Mke mwenzangu,

Leo nimekung'oa. Shina kwa shina, kuanzia chini ya dirisha langu kuelekea getini, na sasa umelala hapa mbele yangu kivulini, mihogo upande huu, miti yake upande ule. Mikono imejaa malengelenge ya jembe, ndiyo maana mwandiko umekwenda hovyo. Lakini wewe mwandiko mzuri ungekusaidia nini? Darasa lenyewe la ngumbaru ulikataa kuja, ukasema daftari halilimwi.

Mwanao Shabani bado yuko kazini Dar. Akirudi atafungua geti, ataona mashimo, na hataniuliza nani kafanya. Atasema lile neno ambalo ndugu zake wamekuwa wakilisema pembeni mwaka mzima, kwamba miye nina wivu na marehemu. Naogopa, Bi Mkubwa. Umri huu wote nilionao naogopa mtoto niliyembeba mgongoni. Basi nimesema nikuandikie kabla hajafika, usikie kwangu kwanza kabla hujasikia kwao.

Baada ya arobaini yako alinijia Kisarawe na gari la kukodi, Noah. Akasema, "Mama mdogo, hutabaki hapa peke yako." Nilikataa, unajua ninavyokataa, nikakaa kizingitini mpaka dereva akaanza kununa. Mwisho nikakubali. Nikapakia kinu, godoro, na yule kuku wako mkorofi. Wakati nafunga mafurushi yeye akachukua panga akaingia shambani. Alipotoka alikuwa na mzigo mzima wa miti ya mihogo begani, macho mekundu kwa kulia. Akasema anataka akapande kitu cha mama yake kwake Kibaha, mtaa wa Picha ya Ndege. Nikamuuliza, umekata wapi? Akajibu, "Huko huko shambani. Nimechagua iliyonawiri."

Iliyonawiri! Mwenzangu, moyo ulinilipuka pale pale. Shamba lilikuwa limeingia magugu tangu ulipoanza kulala kitandani, na iliyonawiri ilikuwa ya mpakani, ile michungu uliyopanda upande wa msituni kwa ajili ya nguruwe pori. Wakionja ile ya mwanzo wanarudi walikotoka. Sisi tuliila tu baada ya wewe kuimenya, ukailoweka, ukaianika mpaka ikawa makopa. Mtoto akikata kipande njiani na kuanza kutafuna ulimfokea mpaka anatema. "Hiyo ya nguruwe, si ya watu!" Bado nakusikia.

Lakini mpaka wenyewe ulikuwa wapi? Wewe ulikuwa unausogeza kila unapopanda, mara hapa, mara kule, na aliyejua ni wewe tu. Watu wanasema mchungu unautambua kwa kikonyo chekundu. Wewe ulicheka, ukasema iko mitamu yenye vikonyo vyekundu kama kucha za bibi harusi. Nilipokuuliza unaijuaje, ukaniambia, "Achana nayo, kazi yako kupika." Haya, nimeachana nayo, na wewe umekwenda nayo kaburini. Siku nyingine nakukasirikia kweli kweli, nasema huyu mwanamke alinionea uchoyo hadi wa mihogo.

Shabani akaipanda kandokando ya wavu wa uzio, hadi chini ya dirisha langu. Ikashika, ikanenepa, mpaka wapita njia wakawa wanasimama kuiangalia. Kila upepo ukivuma majani yanakwaruza nondo za dirisha, na miye nageuka nikidhani ni wewe unakuja kunidai ungo wako. Na yeye mwanao, kila asubuhi kabla hajaenda kituoni kupanda gari, anapita kwenye mstari ule, anashika jani, anasema, "Shikamoo, mama." Nimemsikia kwa masikio yangu haya. Sasa hapo ningeanzaje kumwambia aing'oe?

Ngoja nikupe na mengine, usije ukasema nimekuletea balaa tupu. Mjukuu wetu Zuhura ameanza shule, ameng'oka meno ya mbele na bado anaongea kutwa nzima. Ananiita mke mwenza, ati babu yake ni mume wetu sote. Alilia tumpeleke Soga akaone treni ya umeme. Tulikwenda, ikapita fyuu, hata sikuiona vizuri. Nikasema Bi Mkubwa angekuwepo angeuliza, huyu anamkimbia nani? Na Rehema, mkweo, ni mjamzito, tumbo limeshuka, siku zozote tunaongezeka. Msichana mwema. Ila ni mtu wa Singida, mihogo anaijua ile ya kukaanga barabarani yenye pilipili. Ukimwambia uko muhogo wa kuua, anakuangalia kama unamsimulia mambo ya majini.

Kwanza alikufa mbuzi. Mbuzi wa jirani alipenya kwenye wavu, akala majani chini ya dirisha langu. Alasiri alikuwa chini, povu mdomoni, miguu inakwangua mchanga, halafu kimya. Jirani akasema tumemtegea sumu. Shabani akasema kala mfuko wa plastiki. Miye niliinama nikatazama, na majani ya muhogo yalikuwa bado yamo kinywani. Tangu siku ile jirani hatupi hata salamu.

Jioni ile nikasema. Nikasema yote, mpaka, nguruwe, makopa. Shabani alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza polepole, "Mama mdogo, unataka kuniambia mama yangu kanipandia sumu?" Akainuka, akachimba muhogo mmoja kwenye shina la getini, akaumenya na kuutafuna mbichi mbele yetu. Mtamu. Akacheka, akatukatia kila mtu kipande. Rehema akasema mtamu. Zuhura akasema mtamu. Na miye nikatafuna, nikasema mtamu.

Nilisema uongo, na wewe tu ndiye unayejua kwa nini. Tangu mwaka ule wa barakoa, tulipolala wote wawili na homa chumba kimoja, ulimi wangu haujarudi. Chumvi, sukari, shubiri, kwangu ni mchanga mtupu. Uliponiona natia chumvi mara ya tatu kwenye sufuria ya kisamvu ulininyang'anya kijiko, ukaonja mwenyewe. Kuanzia siku ile kila nilichopika ulikionja kwanza, ukatikisa kichwa, au ukainua kidole, ongeza. Hukumwambia mtu. Wageni walikuwa wanasifu mkono wangu, na wewe umekaa kwenye mkeka unachambua mchele, unanitazama kwa jicho moja. Wallahi, mume wetu mwenyewe hakuwahi kunisitiri hivyo.

Hapa Kibaha sina wa kunionjea. Rehema ana tumbo, simtii kinywani kitu nisichokijua. Zuhura hata kwa dawa. Shabani kala wa shina moja akafunga kesi. Mahali pengine mtu angesema, si uonje mwenyewe, bibi? Nionje kwa ulimi gani?

Nikampigia simu Asha, binti yako, nikasema labda dada atamsikiliza kaka yake. Akasema, "Mama mdogo, mama amekufa. Sasa unamwonea wivu hadi mihogo yake?" Nikakata simu. Nililia siku nzima, na sikulia kwa ajili yako, nililia kwa ajili yangu. Maana nilijiuliza, je, ni kweli? Tulianza vibaya miye na wewe, unakumbuka. Miaka yote ile ya kununiana kwa zamu ya mtu mmoja ambaye alikuja kutuacha wote. Labda kuna kitu kimebaki chini huko ambacho miye mwenyewe sikijui.

Halafu akapiga Mzee Kondo kutoka kijijini. Akasema nguruwe wameingia shambani, wamefukua kila kitu, wamefika mpaka makaburini. Nikamuuliza wamepita upande gani. Akasema, "Pale mwanenu alipokata miti." Nikamwambia Shabani. Akajibu nguruwe Kisarawe hawakuanza leo. Lakini hakunitazama usoni, na kesho yake alipoamkia mihogo nilimwona amesimama muda mrefu kuliko kawaida. Nadhani na yeye ameanza kuogopa, ila hajui atamwogopaje mama yake.

Juzi ikawa zamu ya mtoto. Zuhura na wenzake walikuwa wanacheza kupikapika nyuma ya nyumba, na kopo la maziwa, na moto wa kweli, mashetani wale. Miye nilikuwa nasali. Nilipotoka nikamkuta amekaa chini peke yake, wenzake wamekwenda kwao, anasema, "Bibi, dunia inazunguka." Akatapika. Kwenye kopo mlikuwa na mihogo midogo kama vidole, nusu imeliwa. Nilimbeba mgongoni mpaka zahanati, sijui nguvu nilizitoa wapi. Mkononi mwangu mguu wake ulikuwa wa baridi, Bi Mkubwa. Wa baridi kama ulivyokuwa wako asubuhi ile. Walimshughulikia, akalala, akaamka anaomba soda. Wenzake walikuwa wamekataa kula, walisema unachoma ulimi. Yeye alikula kwa sababu ndiye aliyekuwa mama, na mama akipika lazima ale.

Shabani akasema ni zile barafu za kununua shuleni. Rehema alinitazama usoni.

Na Jumamosi ni hitima yako ya mwaka. Ukoo wote unakuja, wazee, wajawazito, watoto wa watoto. Unajua mwanao kapanga nini? Amesema pilau watu wamezoea, watakula mihogo ya mama kwa nazi. Amekwishaagiza na nazi zenyewe. Nazi tamu, mwenzangu, inafunika mengi. Nimeiona ile sinia machoni kwangu tangu juzi, na vimikono vya watoto vinaingia ndani yake.

Basi leo asubuhi yeye kaenda kazini, Rehema kaenda kliniki, Zuhura shule. Nikafunga kanga kiunoni nikachukua jembe.

Sitakuficha. Shina la kwanza, lile la chini ya dirisha, lilipoachia ardhi nilisikia raha kidogo. Nikasema, haya, Bi Mkubwa, nani kamtoa mwenziwe leo? Nikacheka peke yangu kama mwehu. La pili sikucheka. La tatu nikawa nalia, nang'oa huku nalia, kwa sababu udongo wa mizizi yako ulinukia Kisarawe, ulinukia mikono yako ukiingia ndani jioni na kusema, "Mke mwenzangu, nimechoka, niwekee maji."

Nilipofika getini nikasimama. Lile shina alilochimba Shabani siku ile bado limesimama. Alikula akalala akaamka, sote tulikula, hilo ni la watu. Nimeliacha. Nimelipalilia na kulimwagia maji. Ndilo atakaloliona kwanza akifungua geti, kabla hajaona mashimo. Kama ni wivu, Bi Mkubwa, ningeanza na hilo.

Na wewe uliyelala hapa sikutupi. Ninakuahidi, na ahadi hii nimeitoa kwa sauti, kuku wako amesikia. Mihogo hii nitaimenya yote, nitailoweka na kuianika kama ulivyokuwa unafanya, hata kama imo mitamu, siijui, yote itapita njia moja. Mwanao atakula ugali wa mama yake, ila si Jumamosi hii. Na miti nitaifunga niirudishe Kisarawe. Nitakupandia mpaka wako tena, upande wa msituni, mbele ya kaburi lako, nguruwe wasikusumbue. Nikifika nitakaa chini nikusomee barua hii, polepole, maana herufi nyingine miye mwenyewe sitaziona.

Zuhura ameshafika kutoka shule. Ameyatazama mashimo, akanitazama. "Bibi, leo baba atakufukuza?" Nimemwambia sijui, mjukuu wangu. Amekwenda kusimama getini karibu na lile shina, anamngoja babake, na begi bado liko mgongoni. Akinifukuza nitakwenda. Nitamwacha yule mtoto mzima, anaongea, na meno yake yanaota.

Lala salama, mke mwenzangu. Mwaka mzima nimekutafuta kwenye kila sufuria.

Geti linafunguliwa. Nasikia Zuhura anasema kitu, na hatua za baba yake zimesimama. Ulikuwa unanionjea chumvi, Bi Mkubwa. Leo nisemee.

Bi Mdogo wako